Amepona, Lakini Anaishije? Jeraha la Kichwa na Vipimo Visivyoona

Ndugu msomaji, umezoea kunisoma nikiandika juu ya dola, bajeti na utawala wa vijiji. Leo naandika juu ya kichwa cha binadamu, na naamini utakapofika mwisho utakubali kwamba sijatoka nje ya mada zangu. Dola ya kisasa huishi kwa kupima. Hupima ardhi kabla ya kutoa hati, hupima ufaulu kabla ya kutoa cheti, hupima ulemavu kabla ya kutoa fidia. Mwenye kushika kipimo ndiye anayeamua nani aonekane na nani asionekane. Swali langu ni hili: mtu mzima aliyeumia kichwa, kisha akazinduka, akatembea na kuzungumza, tunapimaje kama anaweza kuyaendesha maisha yake ya kila siku?

Kwa mkoa kama Njombe, swali hili si la anasa. Huku watu wanaishi kwa mbao, chai, viazi na parachichi. Magogo hukatwa katika miteremko mikali, hupakiwa kwenye malori kwa nguvu za mikono, kisha hushuka katika barabara zenye ukungu na utelezi. Makambako ni njia panda: barabara moja yaenda Mbeya na Zambia, nyingine yakata kusini kupitia Njombe hadi Songea. Katikati ya malori hayo wamo vijana wetu wa bodaboda, wengine na kofia ngumu iliyoning'inizwa kwenye usukani badala ya kuvaliwa. Wanaokufa tunawahesabu na kuwazika. Wanaopona hatuwahesabu, kwa sababu tumeamini kuwa wamepona.

Tuanze na maumbile. Fuvu la binadamu si laini kote kwa ndani. Chini ya paji la uso, juu ya matundu ya macho, mfupa una matuta na kingo. Kichwa kinapogongwa, au mwendo unaposimamishwa ghafla, ubongo hutikisika na kujigonga hasa katika sehemu zake za mbele na za ubavuni. Zaidi ya hapo, nyuzi ndefu zinazounganisha sehemu moja ya ubongo na nyingine huvutika na kukatika. Nyuzi hizo ni nyembamba mno. Picha ya CT inaweza kuonyesha ubongo usio na dosari ilhali mawasiliano ya ndani yameharibika.

Katika sehemu hizo za mbele, na katika njia zinazoziunganisha na kwingineko, ndimo hutegemea uwezo ambao wataalamu wameupa jina linalofanana na lile la mhimili wa utendaji serikalini. Mimi nitauita uwezo wa kujisimamia, na mfano wake tunao nyumbani: Afisa Mtendaji wa Kijiji. Mtendaji halimi kwa niaba ya wanakijiji, hafundishi shuleni, hatibu zahanati. Kazi yake ni kuitisha, kukumbusha, kupanga lipi litangulie, kumzuia anayeruka foleni, na kubadili ratiba mvua inaponyesha siku ya msaragambo. Kijiji kikikosa mtendaji, wakulima wapo, mwalimu yupo, mganga yupo, na muhtasari wa mkutano umehifadhiwa vizuri kabatini. Lakini barabara hailimwi. Mgeni akipita na kuuliza maswali, atajibiwa kwa ufasaha na kuondoka akiamini kuwa kijiji hiki hakina shida.

Hali hiyo niliiona kwa karibu Matembwe, upande wa Lupembe. Kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, alikuwa nyapara wa wapasua mbao. Ndiye aliyejua msumeno upi unahitaji kunolewa, kibarua yupi alilala na ulanzi, lori lipi litangulie kabla njia haijaharibika. Alifanya hesabu za kikosi kizima kichwani na malipo ya Jumamosi hayakuwahi kuzua ugomvi. Siku moja, wakati wa kupakia, gogo liliporomoka likampiga kichwani. Alikaa siku nne bila fahamu na wiki kadhaa hospitalini. Alirudi akitembea kwa miguu yake, akasalimia wazee kwa Kibena kama desturi inavyotaka, na kijiji kikamshukuru Mungu.

Muda wa tathmini ulipofika, aliulizwa tarehe, siku ya wiki na jina la Rais. Akaambiwa atoe saba kutoka mia moja, kisha saba tena, na tena. Akanyoosha mikono, akatembea mstari ulionyooka. Yote aliyaweza, hesabu aliifanya haraka kuliko sisi tuliomsindikiza. Karatasi ikaandikwa kwamba hana ulemavu wa kudumu. Simshutumu daktari yule. Alijaza fomu aliyopewa, na fomu hiyo haikuwa na mstari wa kuandika kile ambacho mke wake alikuwa amekwisha kukiona.

Mke wake aliona nini? Aliona mume anayekaa barazani mpaka saa sita mchana, si kwa uvivu, bali kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumwambia aanze. Akiambiwa "chukua jembe", alilichukua na kulima vizuri hadi mwisho wa tuta, kisha akasimama hapo. Akitumwa Njombe mjini kununua mbolea ya kupandia, alirudi jioni na redio, na akiulizwa mbolea iko wapi, aliweza kutaja aina yake, bei yake na duka lenyewe. Hakuwa amesahau. Msibani alicheka kwa sauti wakati wa wasifu wa marehemu na hakuelewa kwa nini tulimvuta pembeni. Kazini hakudumu miezi mitatu. Barua ya kumwachisha ilitaja uzembe na utovu wa nidhamu. Kijijini wengine walisema ni pombe, wengine wakasema amechezewa. Shemeji yangu, ambaye hakumaliza shule ya msingi, ndiye aliyetoa maelezo niliyoyaona sahihi kuliko yote: "Shemeji, mume wangu amerudi. Ila yule aliyekuwa anampanga ndani hakurudi."

Kisha akauza shamba. Ekari moja ya parachichi ya urithi wake, miti ikiwa ndiyo kwanza inaanza kubeba, aliiuza kwa bei ya pikipiki iliyotumika. Tulipokwenda kwenye baraza, mnunuzi alijitetea kwa hoja nzito: muuzaji aliusoma mkataba mwenyewe kwa sauti, alizihesabu fedha mwenyewe, na alikuwa na karatasi ya hospitali inayosema hana tatizo. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, inamtaka anayeingia mkataba awe na akili timamu, na inaifafanua timamu hiyo kwa mambo mawili: kuuelewa mkataba, na kuweza kupima kwa busara athari zake kwa maslahi yake. Kaka yangu alilimudu la kwanza bila shida. La pili ndilo lililoumia pamoja na paji lake la uso, nasi hatukuwa na chochote mkononi cha kulithibitisha. Shamba lilirudi kwa sababu mnunuzi alikuwa na huruma, akakubali kurudishiwa fedha zake kwa misimu miwili ya mavuno. Haki inayotegemea huruma ya mnunuzi si haki, ni bahati.

Sayansi imelijua jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1848, katika jimbo la Vermont nchini Marekani, nyapara wa ujenzi wa reli aitwaye Phineas Gage, kijana wa miaka 25, alipenywa fuvu na chuma cha kushindilia baruti. Chuma kiliingia chini ya shavu la kushoto na kutokea utosini. Hakufa. Alizungumza, alitembea, kumbukumbu yake ilibaki. Lakini daktari wake, John Harlow, alieleza mwaka 1868 kwamba waliomfahamu walimwona kuwa mtu mwingine: aliyekuwa mpangaji hodari sasa alianzisha mipango na kuitupa, na waajiri wake hawakumrudishia kazi ya unyapara. Jambo lisilosimuliwa mara nyingi ni kwamba baadaye Gage alifanya kazi kwa miaka kadhaa nchini Chile akiendesha gari la farasi la abiria. Njia ile ile, ratiba ile ile, farasi wale wale. Pale ambapo siku ilikuwa imekwisha kupangwa, aliweza kuifanya kazi. Hapo pana somo kuhusu kipimo na pia kuhusu msaada.

Kwa nini basi vipimo vya hospitali vilimpita kaka yangu? Tuangalie chumba chenyewe. Ni kimya. Mezani pana karatasi moja. Mpimaji ndiye anayesema tuanze, ndiye anayetoa swali moja baada ya jingine, ndiye anayesema inatosha. Kwa maneno mengine, mpimaji amekuwa mtendaji wa muda wa kichwa cha mgonjwa. Amemkopesha kile kile anachotaka kukipima. Hata ile alama maarufu ya Glasgow, iliyotungwa na Graham Teasdale na Bryan Jennett mwaka 1974, yenye pointi kuanzia 3 hadi 15, hupima kina cha kupoteza fahamu katika saa na siku za mwanzo. Ni chombo bora kwa kazi hiyo. Haikutungwa ili iseme kama mtu ataweza kuendesha shamba mwaka ujao.

Mwaka 1991 wanasaikolojia wawili wa London, Tim Shallice na Paul Burgess, walichapisha utafiti wa watu watatu walioumia kichwa, ambao katika vipimo vya kawaida vya akili walifanya vizuri, lakini maisha yao yalikuwa yamevurugika. Watafiti hao walifanya jambo rahisi: waliwatoa chumbani na kuwapeleka kwenye mtaa wa maduka. Kila mmoja alipewa orodha ya vitu vichache vya kununua, habari za kutafuta, kama vile bei ya nyanya, mahali pa kufika kwa wakati maalumu, na masharti machache kama kutotumia fedha bila sababu na kutoingia dukani ila kununua. Hakuna aliyewaambia waanze na lipi. Hapo ndipo tatizo lilipojitokeza: walirudia njia, walivunja masharti, waliacha kazi bila kuifanya ingawa waliielewa. Kile ambacho dawati lilikificha, soko lilikifichua.

Nawajua wasomaji wangu wa vyuo. Mtauliza kama basi tukichukue kipimo hicho na kukitafsiri. Hapa ninaweka tahadhari, na anayenisaidia ni Mrusi Alexander Luria. Wakati wa Vita Kuu ya Pili aliwahudumia askari wengi waliojeruhiwa ubongo, na kazi yake ni msingi wa elimu hii yote. Lakini kabla ya vita, mwaka 1931 na 1932, alikwenda Uzbekistan kuwahoji wakulima ambao hawakwenda shule. Aliwaonyesha nyundo, msumeno, gogo na shoka, akawauliza kipi si cha kundi. Aliyesoma hujibu gogo, kwa kuwa vingine ni zana. Wakulima walikataa kuliondoa gogo: msumeno bila gogo utapasua nini? Nenda Matembwe leo ukawaulize wapasua mbao wetu swali hilo, na usishangae ukipata jibu hilo hilo kutoka kwa mtu mwenye akili timamu kabisa. Kipimo kilichotungwa kwa mazoea ya darasani kinaweza kumwita mzima mgonjwa, kama kilivyomwita kaka yangu mzima.

Kwa hiyo soko liwe letu. Fikiria kipimo kinachofanyika Makambako siku ya kawaida. Mhusika anapewa shilingi elfu kumi na mambo saba: nunua chumvi, kiberiti na betri, ulizia bei ya gunia la viazi na nauli ya kwenda Iringa, fika kituo cha mabasi saa nne na nusu kamili umwone mpimaji, rudi na chenji isiyopungua kiasi fulani. Masharti: usiingie duka moja mara mbili, usipande bodaboda, usimwombe mtu akufanyie. Kisha mpimaji aliyefundishwa anamfuata kwa mbali akiandika. Asiangalie tu kama chumvi ilinunuliwa. Aangalie kama mhusika alisimama kwanza kupanga njia, kama alipokutana na ndugu yake wa Wanging'ombe akamsalimia na kuendelea au akaifuata stori mpaka saa sita, kama alipokuta duka limefungwa alitafuta jingine au alisimama mlangoni. Kwa asiyejua kusoma, orodha itolewe kwa vitu au picha. Kwa mkulima wa kike ambaye soko analijua kama kiganja chake, kazi iwe ya nyumbani: kupika ugali na mboga huku mtoto analia, maji yanahitajika na mgeni anabisha hodi. Kipimo cha namna hiyo hakihitaji mashine. Kinahitaji mafunzo, muda, na kulinganishwa na wenyeji wazima wa mahali hapo hapo, ili tujue nini ni kawaida ya Makambako na nini ni jeraha.

Baada ya soko, tuulize watu. Lakini tumuulize nani? Mwaka 1996 Barbara Wilson na wenzake nchini Uingereza walitoa mkusanyiko wa vipimo vya uwezo huu, na ndani yake dodoso la maswali 20 lenye nakala mbili: moja hujazwa na mgonjwa, nyingine na mtu anayeishi naye. Busara iko kwenye hizo mbili. Mara nyingi mgonjwa huandika kuwa hana shida, na mkewe huandika kuwa nyumba inateketea. Wahenga walisema nyani haoni kundule, wakimsema anayeficha aibu yake kwa kuwatazama wengine. Hapa methali hiyo haifai. Kaka yangu hafichi. Jicho la ndani ambalo lingejitazama ndilo lililoumizwa, na kumlaumu kwa kutojitambua ni sawa na kumlaumu kipofu kwa kutosoma bango.

Hata hivyo, wanaharakati watakuwa wamekwisha kuiona hatari. Tukisema mtu huyu hawezi kupima maslahi yake, nani atayapima kwa niaba yake? Ndugu wanaolitamani shamba? Nimekaa katika vikao vya ukoo vya kutosha kujua kwamba neno "hayuko sawa" linaweza kutamkwa kwa uchungu, na pia kwa tamaa. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Moyo wa mkataba huo ni kwamba ulemavu haumfuti mtu mbele ya sheria. Humpa haki ya kusaidiwa kuamua. Kwa hiyo kipimo ninachokitetea si muhuri wa kumnyang'anya mtu kalamu. Kijibu swali dogo na la haki zaidi: ni wapi hasa anakwama, na nani aliyekubalika kwake akae naye pale anapokwama. Mtu anaweza kushindwa kuuza shamba kwa busara na bado akajua vizuri nani anataka kumpigia kura, nani anampenda, na wapi anataka kuzikwa.

Sasa nizungumze na watumishi wa umma, maana wapo wanaonisoma. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilituletea Mfuko, na hiyo ni hatua ya kweli kwa nchi. Lakini utaratibu wa kuhesabu ulemavu kwa asilimia, hapa na kwingineko duniani, ulizaliwa ukivitazama viungo: kidole, jicho, mguu. Kilichokatika huonekana, kilichokatika ndani ya fuvu kinahitaji kutafutwa. Naomba mambo matatu. Kwanza, kila tathmini ya mfanyakazi aliyepoteza fahamu kwa jeraha la kichwa isifungwe kabla ya kumsikiliza mtu anayeishi naye, na kabla ya kumwona akifanya kazi halisi nje ya chumba. Pili, tathmini hiyo irudiwe baada ya miezi kadhaa, kwa kuwa mengi huonekana pale tu mtu anapojaribu kurudi kwenye majukumu. Tatu, kwa kuwa wanasaikolojia tiba ni wachache na wengi wako mijini, tuwafunze maafisa ustawi wa jamii na wauguzi wetu kuliendesha jaribio la sokoni. Na tusisahau kwamba kijana wa bodaboda anayejiajiri hana mwajiri wa kumchangia popote. Kwake hata fomu isiyoona haipo.

Kwa waajiri, neno moja: kabla ya kuandika "uzembe" katika barua ya mtu aliyewahi kulazwa kwa jeraha la kichwa, ulizeni alikuwaje kabla. Na kwa familia, somo la Gage wa Chile linatekelezeka. Siku iliyopangwa kwa nje huziba sehemu ya pengo la ndani. Shemeji yangu aligundua hilo bila kitabu: kila asubuhi huchora kwa mkaa ukutani kazi tatu, kwa mfuatano, na ya tatu daima ni "njoo uniambie". Mume hulima sasa hadi mwisho wa tuta, kisha hugeuka.

Wanafunzi wangu mnaotafuta mada za tasnifu, mada hii iko wazi na inawangoja. Soko la Makambako halihitaji kibali cha kuagizwa kutoka nje, na lugha ya kuueleza uwezo huu tunayo tayari: kupanga, kujizuia, kukumbuka wakati wake, kubadili njia. Dola inayopima kinachohesabika tu itawaita wazembe raia wake waliojeruhiwa, kisha itashangaa kwa nini mashamba yao yanauzwa. Karibuni tujadili.